Jean-Martin Charcot, daktari aliyesema kwamba Parkinson haigusi mikono peke yake

Wakaaji wengi wa Goma wanamfahamu mzee wa namna hii. Mkono wake mmoja unatetemeka akiwa ameketi tu, bila kufanya kazi yoyote. Anatembea hatua fupi-fupi, mgongo umeinama. Uso wake hauonyeshi tena furaha wala hasira. Miaka inapita, naye anaanza kupotea katikati ya mazungumzo, anasahau alichotumwa dukani, usiku anaona watu ambao hawako. Hapo maneno yanaanza ndani ya parsele. Kuna wanaosema ni uzee tu. Wengine wanasema amelishwa karuho. Na kama ni mama mzee mjane, hakosekani mtu wa kusema kwamba ni mchawi.

Hospitalini, daktari anaweza kuandika neno moja kwenye karatasi: Parkinson. Wakongomani wengi walilisikia neno hilo kwa sababu ya Muhammad Ali, bondia aliyempiga George Foreman kule Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, na ambaye miaka 10 baadaye madaktari walimwambia kwamba ana ugonjwa huo. Lakini jina lenyewe ni la zamani zaidi. Lilienezwa na daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliyeishi kati ya 1825 na 1893. Charcot alikuwa pia kati ya wa kwanza kuandika kwamba ugonjwa huu unaweza kugusa akili na kumbukumbu ya mtu. Ilipita karibu miaka 100 kabla ya madaktari wengi kulipa jambo hilo uzito wake. Haya ndiyo maisha yake.

Mtoto wa fundi wa magari ya farasi

Charcot alizaliwa Paris tarehe 29 Novemba 1825. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Haikuwa familia maskini sana, lakini haikuwa na mali ya kusomesha watoto wote mpaka mwisho. Walikuwa vijana wanne wa kiume. Inasimuliwa kwamba baba aliamua kumsomesha yule atakayefanya vizuri zaidi shuleni, na wengine washike kazi au waingie jeshini. Jean-Martin ndiye aliyeendelea na masomo.

Alikuwa kijana mkimya, mwenye haya mbele ya watu. Alipenda sana kuchora, hata alisita kati ya kuwa mchoraji na kuwa daktari. Alichagua udaktari, lakini penseli hakuiacha maisha yake yote, na macho ya mchoraji yalimsaidia kuliko kitabu chochote.

Njia haikuwa rahisi. Mtihani wa kuingia kama daktari mwanafunzi katika hospitali za Paris ulimshinda mara ya kwanza, akaupita mwaka 1848. Mwaka 1853 alitoa tasnifu yake ya udaktari juu ya magonjwa ya viungo, akionyesha namna ya kutofautisha jongo na baridi yabisi. Kisha akashindwa tena katika shindano la kuwa mwalimu wa chuo kikuu, kwa sababu, wanavyosema waliomfahamu, haya ilimfunga mdomo. Alilipita mwaka 1860, akiwa na umri wa miaka 34.

Salpêtrière, kijiji cha akina mama waliosahauliwa

Mwaka 1862 Charcot aliteuliwa kuwa daktari wa Salpêtrière. Siku hizi ni hospitali kubwa inayojulikana duniani. Wakati ule, daktari mwenye kutafuta cheo alipita pale haraka na kutafuta pengine. Zamani mahali pale palikuwa ghala la baruti. Mwaka 1656 mfalme Louis wa 14 aliamuru pageuzwe kuwa makao ya maskini. Katika wakati wa Charcot waliishi humo watu karibu 5,000, karibu wote wakiwa wanawake: wazee wasio na watu wa kuwatunza, wenye kifafa, wenye magonjwa ya akili, waliopooza. Wengi waliingia wakijua kwamba hawatatoka tena.

Charcot aliwahi kufanya mafunzo yake humo akiwa kijana, akaona kitu ambacho wakubwa wake hawakukiona. Katika hospitali ya kawaida, mgonjwa analala wiki mbili, anapona au anakufa, na daktari haoni ugonjwa ukitembea. Salpêtrière daktari angeweza kumwona mama mmoja leo, mwaka ujao, na baada ya miaka 10. Na mama huyo akifa, mwili wake ungeweza kuchunguzwa ili kulinganisha kilichoonekana nje na kilichoharibika ndani.

Alirudi pamoja na rafiki yake Alfred Vulpian, daktari wa rika lake. Wawili hao walipita wodi baada ya wodi, kitanda baada ya kitanda, wakiandika hali ya kila mwanamke. Kazi hiyo haikuwa na sifa yoyote. Lakini ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inajua leo juu ya magonjwa ya mishipa ya fahamu.

Kabla yake, Parkinson wa London

Ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umekwisha kuelezwa na Mwingereza, James Parkinson, daktari wa Hoxton, kartie moja ya London. Mwaka 1817 alitoa kijitabu chenye habari za watu sita. Baadhi yao hakuwapima kabisa, aliwaona tu wakipita barabarani. Alieleza vizuri kutetemeka, kuinama, na hatua zinazokimbia zenyewe mbele. Lakini aliandika pia kwamba akili na hisi za mgonjwa zinabaki salama. Aliuita ugonjwa huo kupooza kwa kutetemeka. Alikufa mwaka 1824 na kijitabu chake kikasahauliwa na wengi.

Charcot, aliyesoma Kiingereza bila shida, alikijua kijitabu hicho na kukisifu mbele ya wanafunzi. Katika miaka ya 1861 na 1862 yeye na Vulpian walichapisha maandiko marefu juu ya ugonjwa huo huo. Miaka 10 baadaye Charcot alirudia somo hilo katika mafundisho yake. Aliona kwamba jina la zamani lina makosa mawili. Kwanza, wagonjwa hawa hawajapooza: nguvu wanayo, ila mwendo unachelewa kuanza na unakwenda polepole. Pili, wako wagonjwa ambao hawatetemeki hata kidogo, lakini wana ugonjwa uleule. Kwa hiyo akapendekeza uitwe ugonjwa wa Parkinson. Angeweza kuubandika jina lake mwenyewe. Alilitoa kwa Mwingereza aliyekuwa amekufa karibu miaka 50.

Kuangalia, tena na tena

Namna yake ya kazi ilishangaza wageni. Mgonjwa aliletwa ofisini mwake, akavuliwa nguo, na Charcot akamwangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Alimwomba asogeze mkono, asimame, ageuke, atembee. Aliita mgonjwa wa pili mwenye shida inayofanana, akawaweka karibu, akalinganisha. Mara nyingi alimaliza bila kusema kitu, na siku nyingine akaanza upya.

Kwa njia hiyo alitenganisha magonjwa mawili ambayo madaktari walikuwa wakiyachanganya. Mwenye Parkinson anatetemeka mkono ukiwa umepumzika juu ya paja, na akichukua kikombe mara nyingi mtetemo unapungua. Mwenye skilerozi, ugonjwa unaoharibu utando wa mishipa ya fahamu, anatulia akipumzika na kuanza kutetemeka pale anapoinua kikombe. Charcot alitumia hata chombo cha kupimia mapigo ya moyo ili kuchora mtetemo kwenye karatasi. Mbele ya wanafunzi aliwavalisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu ya ndege. Manyoya yalipocheza, hata mtu wa safu ya nyuma aliona tofauti ya mtetemo wa mgonjwa huyu na yule.

Sigmund Freud, aliyekuwa mwanafunzi wake, alisimulia habari ya mfanyakazi wa nyumbani kwa Charcot. Mama huyo alitetemeka kiasi kwamba hakuna aliyetaka kumwajiri. Charcot alimpa kazi, akamweka miaka mingi, ingawa alivunja sahani na vikombe vingi vya nyumba. Alipokufa, uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na skilerozi.

Mtu anaweza kuisoma habari hiyo kwa namna mbili. Charcot alimpa mkate mtu aliyefukuzwa kila mahali. Lakini pia alimngoja, kama alivyowangoja mamia ya wanawake wa Salpêtrière, mpaka mwili wake utoe jibu. Wanawake hao hawakuulizwa kama wanataka kuonyeshwa mbele ya watu au kupasuliwa baada ya kufa. Walikuwa maskini, na hospitali ndiyo iliyowalisha. Elimu tunayoitumia leo ilitoka kwao, na majina ya wengi wao hayajulikani.

Akili nayo inaguswa

Kukaa karibu na wagonjwa kwa miaka mingi ndiko kulikomfanya Charcot aone alichokosa Parkinson. Mtu anayemwona mgonjwa barabarani anaona mkono na miguu. Yule anayemwona kila wiki kwa miaka anaona pia kwamba mama huyu, aliyekuwa akijibu haraka, sasa anachelewa kujibu. Kwamba yule aliyekumbuka majina ya wote wodini sasa anayachanganya.

Katika maandiko ya 1861 na 1862, Charcot na Vulpian walisema wazi kwamba, kwa ujumla, nguvu za akili zinapungua katika ugonjwa huu. Walieleza kwamba inafika saa ambapo fikra zinafunikwa na kumbukumbu inapotea. Hawakusema kwamba kila mgonjwa anafika huko, wala kwamba anafika mapema. Lakini walikataa kuandika kwamba akili inabaki salama, kwa sababu macho yao yaliona tofauti.

Charcot hakuwa na picha za ubongo wala maswali ya kupima kumbukumbu kama yale ya siku hizi. Aliona uharibifu upo, lakini mpaka mwisho hakujua ni sehemu gani ya ubongo inayougua katika Parkinson.

Umaarufu, na kosa

Yule kijana wa haya akawa mtu mkubwa wa Paris. Mwaka 1864 alimwoa mjane mwenye mali, Augustine-Victoire Durvis, wakapata binti na mtoto wa kiume. Mwaka 1872 alipewa kiti cha profesa. Mwaka 1882 serikali ya Ufaransa iliunda kwa ajili yake kiti cha kufundisha magonjwa ya mishipa ya fahamu, cha kwanza cha namna hiyo duniani. Alieleza ugonjwa unaomaliza misuli ya mtu mpaka anashindwa kumeza na kupumua, ambao Wafaransa wanauita hadi leo ugonjwa wa Charcot. Wanafunzi walitoka kila upande: Babinski, Pierre Marie, Gilles de la Tourette. Freud alifika kutoka Vienna mwezi wa Oktoba 1885, akakaa miezi michache, na baadaye akampa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la Jean-Martin.

Masomo yake ya Jumanne yalijaza ukumbi. Walikuja madaktari, waandishi, wachoraji, hata watu wa starehe za Paris. Na hapo ndipo kosa lake kubwa lilipoanzia. Charcot aliingia katika uchunguzi wa histeria, hali ambapo mtu anapooza au anaanguka bila kidonda chochote kuonekana katika ubongo. Aliwalaza wagonjwa usingizi wa bandia mbele ya watu, na wanawake wachache, Blanche Wittmann akiwa maarufu kuliko wote, walionyesha kila wiki dalili zilezile alizokuwa amezifundisha. Kule Nancy, daktari Hippolyte Bernheim alisema kwamba dalili hizo zinatoka katika maneno ambayo wagonjwa wanaambiwa, hazitoki katika ugonjwa. Bernheim alikuwa na haki. Mwalimu aliyewafundisha wengine kutazama alikuwa ameanza kuona kile alichotarajia kuona. Katibu wake aliandika baadaye kwamba Charcot mwenyewe, karibu na mwisho wa maisha yake, alikubali kwamba mafundisho yake juu ya histeria yalihitaji kufanywa upya.

Kwa Parkinson hakuwa na onyesho la namna hiyo, wala dawa ya kuponya. Aliwapa wagonjwa dawa zilizotoka katika mimea ya jamii ya beladona, zilizopunguza mtetemo kidogo. Alisikia pia wagonjwa wakisema kwamba wanajisikia vizuri baada ya safari ndefu ya treni au gari la farasi. Akawaamini, akatengenezesha kiti kinachotikisika kwa mashine ili wapate nafuu ileile bila kusafiri. Kiti hicho hakikudumu katika udaktari, lakini kinaonyesha kwamba mzee huyo alikuwa bado akisikiliza kile wagonjwa wanachosema.

Kifo, na yaliyofuata

Katika mwezi wa Agosti 1893 Charcot alienda mapumzikoni na madaktari wenzake katika eneo la Morvan, karibu na ziwa la Settons. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuchoka. Alikufa huko tarehe 16 Agosti, akiwa na miaka 67. Mwili wake uliletwa katika kanisa la Salpêtrière, kisha akazikwa katika makaburi ya Montmartre. Sanamu yake ilisimamishwa mbele ya hospitali mwaka 1898, na mwaka 1942, Wajerumani wakiwa wameishika Paris, iling'olewa na kuyeyushwa. Mtoto wake Jean-Baptiste naye alisomea udaktari, lakini akawa maarufu kama mvumbuzi wa nchi za barafu, akafa baharini karibu na Iceland mwaka 1936.

Mwaka uleule wa 1893, madaktari wawili wa Salpêtrière, Blocq na Marinesco, waliandika habari ya mgonjwa aliyetetemeka upande mmoja kama mwenye Parkinson. Ndani ya ubongo wake walikuta uvimbe wa kifua kikuu uliokandamiza sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Édouard Brissaud, mwanafunzi wa Charcot, alidhani kwamba hapo ndipo ugonjwa unapokaa. Mwaka 1919 Constantin Tretiakoff alithibitisha hilo mjini Paris kwa kuchunguza ubongo wa waliokufa. Mwaka 1960, kule Vienna, ilionekana kwamba wenye Parkinson wanakosa katika ubongo kemikali inayoitwa dopamini. Kutoka hapo ilikuja levodopa, dawa ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa matibabu.

Na akili? Kwa miaka mingi madaktari wengi waliendelea kurudia maneno ya Parkinson wa 1817 na kuacha yale ya Charcot. Wagonjwa walikufa mapema, au walikuwa wamekakamaa kiasi kwamba hakuna aliyeuliza juu ya kumbukumbu yao. Levodopa ilipowarudishia mwendo na kurefusha maisha, jambo lililofichika likaonekana. Watafiti wa Sydney, Australia, walifuata kundi la wagonjwa kwa miaka 20. Kati ya wale waliokuwa bado hai mwishoni, 83 kwa 100 walikuwa na demensia, yaani akili iliyopungua kiasi cha kuwazuia kujitegemea. Mwaka 2007 wataalamu wa dunia walikubaliana juu ya namna ya kuitambua demensia ya Parkinson. Charcot alikuwa ameiona bila chombo chochote, miaka 145 mapema.

Hapa kwetu

Ukiwa Goma, Paris ya miaka ya 1862 inaonekana mbali sana. Lakini wanawake wa Salpêtrière hawako mbali na mama wazee wetu. Wao pia waliwekwa kando, wengine kwa sababu hakuna aliyeelewa miili yao. Katika Kivu, mama mzee anayesahau, anayeongea peke yake usiku na mwenye uso usiocheka anaweza kupoteza zaidi ya kumbukumbu. Wapo waliofukuzwa nyumbani, na wapo waliouawa, kwa neno moja la uchawi.

Dalili hizo zina jina la ugonjwa. Dawa ya kuuponya kabisa haipo hadi leo, lakini iko ya kumsaidia mgonjwa atembee, ale mwenyewe, alale. Hata kutazama tu kunasaidia. Familia ikifika hospitalini, inaweza kumwambia daktari mambo ambayo yeye hawezi kuyaona kwa dakika 10: mkono gani ulianza, unatetemeka ukipumzika au ukishika kitu, kusahau kulianza kabla ya kutetemeka au baada ya miaka. Ni vizuri pia kubeba dawa zote anazomeza, kwa sababu baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika zinaweza kuleta mtetemo na ugumu unaofanana na Parkinson, na mara nyingi hali hiyo inapungua daktari akizibadilisha. Mgonjwa asiziache mwenyewe kabla ya kumwona daktari.

Charcot alikuwa mtu mwenye kiburi, na alikosea mbele ya Paris nzima. Lakini kwa miaka zaidi ya 30 alirudi kwa wanawake ambao watu wao wenyewe walikuwa wameacha kuwaangalia, akawaangalia. Karibu kila alichokiandika kwa haki juu ya Parkinson kilitoka hapo, hata lile ambalo dunia ilichelewa kulikubali: kwamba mzee anayesahau wakati mkono wake unatetemeka hajaroga mtu wala hajarogwa. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake ni mmoja, mkononi na kichwani.